Joto la Oktoba Katika Uwanda wa Ufipa: Mtungi, Paa na Mtoto Mchanga

Mtu asiyepata kufika Ufipa hudhani kwamba nchi ya juu haijui joto. Mji wa Sumbawanga na vijiji vinavyouzunguka, Mollo ikiwa mojawapo, viko kwenye kimo cha mita 1,800 hivi kutoka usawa wa bahari, na msafiri atokaye pwani huonywa mapema asisahau sweta. Onyo hilo ni la kweli kwa mwezi wa Juni na Julai, wakati wa kipupwe, ambapo usiku huweza kushuka chini ya nyuzi 10 za sentigredi. Lakini kiangazi cha Ufipa kina sura mbili. Huanza kwa baridi mwezi Mei na kumalizika kwa joto mwezi Oktoba, siku chache kabla ya mvua. Katika majuma hayo ya mwisho majani yamekauka, visima vimepungua, vumbi limetanda, na kila nyumba ina mashaka yake madogo madogo: maji ya kunywa yana uvuguvugu, chumba cha kulala kina fukuto, uji wa jana umechacha, na mtoto mchanga halali.

Mashaka haya hayaandikwi katika taarifa za maafa. Hata hivyo, yote yana maelezo ya kisayansi, na baadhi yake, hasa yale yanayomhusu mtoto, yakipuuzwa huweza kugharimu uhai. Makala haya yanaeleza chanzo cha joto hilo na jinsi jamaa wa kawaida, wasio na friji wala feni, wanavyoweza kulikabili kwa vitu walivyo navyo.

Kwa nini Oktoba, wala si Februari?

Sumbawanga iko karibu kabisa na latitudo ya nyuzi 8 kusini mwa Ikweta. Kwa sababu hiyo jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka: mara ya kwanza kati ya tarehe 13 na 14 Oktoba, na mara ya pili mwishoni mwa Februari. Siku hizo kijiti kilichosimamishwa wima uwanjani hakina kivuli wakati wa adhuhuri. Tarehe 21 Juni mambo ni tofauti. Jua limehamia kaskazini, na kijiti cha mita moja hutupa kivuli cha sentimeta 60 hivi adhuhuri ileile. Miale inayokuja kwa mshazari namna hiyo hutawanyika juu ya eneo kubwa zaidi la ardhi, hata kila mita ya mraba hupata pungufu ya asilimia 15 hivi kuliko pale jua linapokuwa utosini.

Walimu wa shule za msingi wanaweza kuwaonyesha wanafunzi jambo hili bila gharama yoyote. Izingatiwe tu kwamba adhuhuri ya kweli ya Sumbawanga haiangukii saa 6 kamili za saa ya ukutani. Saa ya Afrika Mashariki hufuata longitudo ya nyuzi 45 mashariki, na Sumbawanga iko magharibi ya mstari huo kwa nyuzi 13 na zaidi. Katikati ya Oktoba jua hufika juu kabisa karibu saa 6 na dakika 40 mchana. Mwishoni mwa Februari hufika hapo saa 7 na dakika chache.

Ikiwa jua hupita utosini mara mbili, mbona joto kali huja mara moja tu? Jibu liko katika mawingu na katika maji yaliyomo ardhini. Mwezi Februari uwanda wa Ufipa uko katikati ya mvua, ambazo huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili. Mawingu hurudisha angani sehemu kubwa ya miale, na ile inayofika chini hutumika kwanza kukausha udongo na majani mabichi. Oktoba hakuna wingu, udongo hauna maji ya kukausha, na nyasi nyingi zimekwisha teketea kwa moto. Hivyo nguvu yote ya jua huenda kupasha ardhi joto, nayo ardhi huipasha hewa. Kupasha huko huchukua muda. Ndiyo maana saa zenye joto zaidi si adhuhuri bali ni saa 9 na saa 10 alasiri.

Kimo cha nchi nacho husaidia. Hewa hupoa kwa wastani wa nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000 za kupanda. Mwananchi wa Mollo anayeteremka hadi Muze, katika bonde la Ziwa Rukwa, hushuka mita 800 hadi 1,000 na kukutana na joto lililozidi la kwao kwa nyuzi 6 au zaidi. Joto la mchana Ufipa mwezi Oktoba hukaribia nyuzi 28, ambalo kwa mtu wa bondeni ni jambo la kawaida. Lakini mwili wa mtu huzoea mahali ulipo, na nyumba hujengwa kwa hofu ya baridi. Kwa hiyo joto dogo huweza kuleta taabu kubwa mahali ambapo halikutazamiwa. Tena, halitarajiwi kupungua. Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilitangaza kuwa mwaka 2024 ulikuwa na joto kuliko miaka yote iliyokuwa imepimwa hadi wakati huo, ukizidi wastani wa miaka ya 1850 hadi 1900 kwa nyuzi 1.5 hivi.

Siri ya mtungi

Katika nyumba nyingi mtungi wa udongo umepisha ndoo ya plastiki. Ndoo ni nyepesi, haivunjiki, na ni rahisi kusafisha. Lakini ikifika Oktoba watoto hulalamika kwamba maji ya ndoo ni ya uvuguvugu, ilhali maji ya mtungi wa bibi yanaburudisha koo. Wengine hudhani udongo wenyewe una ubaridi. Sivyo.

Ukuta wa mtungi ambao haukupakwa rangi wala mng'aro una vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho. Maji hupenya polepole hadi upande wa nje, na huko hugeuka mvuke. Ili maji yawe mvuke yanahitaji joto jingi sana, na joto hilo huchotwa katika mtungi na maji yaliyobaki. Hesabu yake inashangaza. Mtungi wa lita 20 ukipoteza robo lita tu kwa njia ya mvuke, joto lililochukuliwa linatosha kuyapoza maji yote yaliyobaki kwa nyuzi 7 hivi. Kwa kweli maji hayapoi kiasi hicho chote, kwa kuwa joto jingine huingia kutoka nje, lakini tofauti huhisiwa waziwazi na ulimi.

Ukavu wa hewa ya Ufipa katika mwezi wa Oktoba, ambao hupasua midomo ya watoto, ndio unaoufanya mtungi ufanye kazi vizuri kuliko ule wa Dar es Salaam au Tanga. Hewa ya pwani tayari imebeba unyevu mwingi, hivyo haipokei mvuke kwa urahisi. Hewa kavu hupokea upesi. Kwa hiyo mtungi uwekwe kivulini, mahali penye upepo, juu ya kigoda au mafiga ili hewa izunguke pande zote. Ukiwekwa kwenye kona ya chumba kisicho na dirisha utapoza kidogo tu. Asiye na mtungi anaweza kuifunga ndoo au dumu kwa gunia lililoloweshwa, nalo litafanya kazi hiyohiyo.

Lipo angalizo moja. Maji baridi si lazima yawe maji safi. Mtungi haumwui mdudu yeyote. Maji yachemshwe kwanza, yapoe, ndipo yamiminwe mtunguni. Mdomo wa mtungi ufunikwe. Na maji yachotwe kwa kata au upawa wenye mpini mrefu, ili vidole visiguse maji. Mtungi usuguliwe na kuanikwa angalau mara moja kwa juma, maana vitundu vile vile vinavyopoza maji huweza kuziba kwa utelezi.

Chini ya paa la bati

Mashaka ya pili ni ya usingizi. Katika miji na vijiji vya Ufipa nyumba za matofali ya kuchoma na mabati zimeenea. Nyumba hizi ni imara na hazivuji, lakini jioni ya Oktoba watu hukaa nje hadi usiku, wakingoja chumba kipoe.

Bati ni jembamba na hupitisha joto upesi. Likipigwa na jua kali huweza kuzidi nyuzi 60, hata mkono hauwezi kulishika. Bati likiwa na joto kiasi hicho hutuma miale ya joto chini yake, kama jiko la mkaa linavyompasha joto aliyeketi kando yake bila kuligusa. Paa la nyasi, kwa upande mwingine, limejaa hewa iliyonaswa kati ya majani makavu, na hewa iliyotulia haipitishi joto kwa urahisi. Ni kanuni ileile ya sweta na blanketi. Si ajabu kwamba wazee husifu nyumba za zamani kwa ubaridi wake wa mchana, ingawa nyasi zina hatari ya moto, wadudu na kuvuja.

Matofali nayo yana tabia yake. Ukuta mnene huchelewa kupata joto na huchelewa kulitoa. Joto lililoupiga ukuta wa magharibi alasiri hupenya polepole na kutokea ndani baada ya saa kadhaa, yaani wakati ule ambapo watoto wanatandikiwa. Wakati huo bati tayari limepoa, kwa sababu chini ya anga lisilo na mawingu hupoteza joto lake haraka. Hivyo adui wa mchana ni paa, na adui wa jioni ni ukuta.

Njia za kupunguza taabu hii si za gharama kubwa. Ya kwanza ni dari, hata la mikeka, magunia yaliyofumwa au mbao nyepesi, kwa kuwa huzuia miale ya bati isiwafikie watu. Ya pili ni kupaka bati rangi nyeupe, ambayo hurudisha sehemu kubwa ya miale ya jua. Ya tatu ni kurefusha upenu na kupanda mti wa kivuli upande wa magharibi, ukiwa mbali kiasi cha kutodhuru msingi. Ya nne ni kujua saa ya kufungua madirisha. Alasiri hewa ya nje ina joto kuliko ya ndani. Kufungua wakati huo ni kulikaribisha joto. Jua likishatua mambo hugeuka, na usiku wa Ufipa, hata mwezi Oktoba, ni wa baridi ya kutosha kuondoa joto lote la mchana ikiwa hewa itapewa njia.

Njia hiyo ni lazima iwe na milango miwili, mmoja chini na mmoja juu. Hewa yenye joto ni nyepesi, hivyo hupanda na kujikusanya chini ya paa. Ikipata tundu kwenye pembe ya juu ya ukuta hutoka, na hewa baridi huingia kwa dirisha kuchukua nafasi yake. Wafipa walilijua jambo hili karne nyingi zilizopita. Wahunzi wa Ufipa waliyeyusha chuma katika matanuri marefu ya udongo yaitwayo malungu, yaliyokuwa na urefu wa mita 3 hivi. Hayakuhitaji mivukuto. Matundu ya chini yaliingiza hewa, moto uliipasha, nayo ilipanda kama katika dohani na kuvuta hewa nyingine nyuma yake. Kazi hiyo ilikoma katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, lakini mabaki ya malungu yangali yanaonekana katika sehemu mbalimbali za uwanda. Fundi anayejenga nyumba leo bila tundu la hewa karibu na paa ameacha nyuma elimu ambayo babu zake walikuwa nayo.

Madirisha yakiwa wazi, mbu nao huingia. Katika joto watu wengi huacha chandarua kwa kuwa huwaongezea fukuto, wakijipa moyo kwamba nchi ya juu haina malaria. Kimo hupunguza malaria lakini hakiiondoi. Kijidudu cha malaria hukomaa ndani ya mbu kwa kadiri ya joto: palipo na nyuzi 25 huchukua siku 12 hivi, na palipo na nyuzi 20 huhitaji karibu mwezi mzima, na mbu wengi hufa kabla. Kwa maana hiyo majuma ya joto ndiyo yasiyofaa kabisa kuacha chandarua.

Maharagwe magumu na chakula cha kiporo

Mama wa nyumbani aliyehamia Sumbawanga kutoka pwani hugundua upesi kwamba maharagwe hayaivi kama alivyozoea. Si kosa la maharagwe peke yake. Kadiri mtu apandavyo, ndivyo uzito wa hewa iliyo juu yake unavyopungua, na maji hutokota kwa joto dogo zaidi, pungufu ya nyuzi 1 kwa kila mita 300 hivi. Kwenye uwanda wa Ufipa maji hutokota yafikapo nyuzi 94 badala ya 100. Wengi huongeza kuni wakitumaini kuharakisha. Lakini maji yakishatokota hayapandi joto tena, hata moto uwe mkali namna gani. Kinachoongezeka ni mvuke tu, na jiko hujaa joto bure. Iliyo bora ni kuloweka maharagwe usiku kucha, kufunika chungu, na kupunguza moto mara yanapoanza kutokota. Kuni hupungua, na mpishi hupumzika.

Je, maji yaliyotokota kwa nyuzi 94 yamekuwa salama? Ndiyo. Vijidudu vya kipindupindu, homa ya matumbo na kuhara damu hufa katika joto lililo chini sana ya hapo. Maji yaachwe yatokote sawasawa kwa dakika kadhaa, na kazi imekwisha.

Chakula kilichobaki ni suala jingine. Bakteria akipata chakula chenye majimaji na joto la wastani huweza kujigawa mara mbili katika kila dakika 20. Mmoja huwa wawili, wawili huwa wanne, na baada ya saa 4 wamekuwa 4,096. Baada ya saa 6 wamezidi laki mbili na nusu. Usiku wa Julai baridi ya Ufipa ni kama friji ya bure: kiporo cha jioni huchelewa kuharibika. Mchana wa Oktoba friji hiyo haipo. Kwa hiyo uji wa mtoto usipikwe asubuhi na kuwekwa hadi alasiri. Upikwe kidogo, uliwe, na ukibaki uchemshwe upya, si kupashwa moto tu. Maziwa yaliyogandishwa kuwa mtindi katika chombo safi huvumilia zaidi kuliko maziwa mabichi, kwa sababu uchachu wake huwazuia vijidudu wengi waharibifu kukua.

Kiu ya mtoto mchanga

Mashaka yaliyo mazito kuliko yote ni haya. Mtoto wa miezi miwili au mitatu analia, midomo imekauka, na hewa ni ya moto. Bibi, aliyelea watoto wengi, husema kwamba mtoto ana kiu na apewe maji kidogo kwa kijiko. Mama, aliyefundishwa kliniki, husita. Nani aliye na haki?

Bibi hakosei katika jambo moja: kiu huenda ipo kweli. Mtoto mchanga ana ngozi pana ukilinganisha na uzito wake, hupata joto upesi, na hawezi kutoa jasho vizuri kama mtu mzima. Linalobishaniwa ni kinywaji gani kiiondoe kiu hiyo. Maziwa ya mama ni maji kwa zaidi ya asilimia 87. Yale yanayotoka mwanzoni mwa kunyonya ni mepesi zaidi, na mtoto anayenyonya mara kwa mara kwa muda mfupi mfupi hupata hasa hayo. Mtoto aliye chini ya miezi 6 hupata humo maji yote anayohitaji, hata katika nchi zenye joto kali kupita la Ufipa.

Maji ya kijiko, yajapotolewa kwa mapenzi, yana madhara matatu. Kwanza, hujaza tumbo dogo lisilo na nafasi ya kutosha, na mtoto hunyonya kidogo. Naye mama anayenyonyesha kidogo hutoa maziwa kidogo. Pili, huweza kuleta vijidudu vya kuharisha katika msimu ambao visima vimepungua na maji yake yametibuka. Tatu, yakizidi huzimua chumvi iliyomo katika damu ya mtoto. Kwa hiyo anayepaswa kunywa maji mengi ni mama, na mtoto apewe ziwa mara nyingi zaidi, mchana na usiku. Bibi anaweza kusaidia sana hapa kwa kumletea mama kata ya maji kila anapoketi kunyonyesha, na kumpunguzia kazi za jua kali.

Dalili ya kuwatuliza wote wawili ni mkojo. Mtoto mchanga anayekojoa mara 6 au zaidi kwa usiku na mchana, mkojo wake ukiwa hauna rangi kali, anapata maji ya kutosha. Jambo jingine la kutazama ni nguo. Mazoea ya kipupwe hudumu, na si ajabu kumwona mtoto wa Ufipa mwezi Oktoba akiwa na kofia ya sufu na blanketi mbili mgongoni kwa mama. Shingo na kifua chake vikiwa na jasho, apunguziwe nguo. Akiwa na homa, au akikataa kunyonya, asingojewe, apelekwe zahanati.

Watoto wenye ualbino wahitaji uangalizi wa pekee. Kwenye kimo cha Ufipa miale inayounguza ngozi ni mikali kuliko pwani, kwa kuwa hewa ya kuichuja ni pungufu. Kofia pana, mikono mirefu na michezo ya kivulini ni kinga yao ya lazima, hata siku ambayo upepo ni wa baridi.

Mtoto akiharisha

Mtoto anayeharisha katika msimu wa joto hupoteza maji kwa njia mbili kwa wakati mmoja. Akipoteza maji mengi, macho hudidimia, utosi wa mchanga hubonyea, machozi hukauka, na ngozi ya tumbo ikifinywa huchelewa kurudi. Kinachoua mara nyingi si kuharisha kwenyewe bali ni kukauka huko.

Kwa miaka mingi dawa iliyojulikana ilikuwa ya mshipani, tena hospitalini. Mwaka 1960 mwanasayansi Robert Crane alieleza kwamba katika ukuta wa utumbo sukari na chumvi hupita pamoja, kama watu wawili wanaofungua mlango mmoja kwa kusaidiana, na maji hufuata nyuma yao. Mlango huo huendelea kufanya kazi hata mtoto anapoharisha. Mwaka 1971, katika kambi za wakimbizi wa vita vya Bangladesh, Daktari Dilip Mahalanabis aliishiwa na maji ya mishipani, akawapa wagonjwa wa kipindupindu mchanganyiko wa kunywa. Vifo vilivyokuwa karibu 30 kwa kila wagonjwa 100 vilishuka hadi chini ya 4. Tangu hapo mchanganyiko huo umeokoa mamilioni ya watoto duniani.

Paketi za ORS hupatikana zahanati na madukani. Paketi ya lita moja iyeyushwe katika lita moja kamili ya maji safi, yaani chupa mbili za nusu lita, na mchanganyiko utumike ndani ya saa 24. Palipo mbali na duka, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa juu, huchanganywa katika lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa. Aonje mama kabla ya kumpa mtoto: usiwe na chumvi kuzidi ya machozi. Mtoto anywe kidogo kidogo. Akitapika, asubiriwe dakika 10, kisha aendelee polepole kwa kijiko. Kunyonya kusikatizwe, na anayekula aendelee kula. Mhudumu wa afya humpa pia vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14, ambavyo hufupisha ugonjwa. Mtoto mwenye damu katika choo, anayelegea, au asiyeweza kunywa apelekwe hospitali bila kukawia.

Vumbi na kisulisuli

Alasiri za Oktoba katika viwanja vikavu huonekana nguzo ya vumbi ikizunguka na kukimbia, ikibeba majani na karatasi. Hiyo ni kisulisuli, ambayo wengine huiita chamchela. Katika nchi ambayo watu wengi hueleza jina la mji wake, Sumbawanga, kuwa na maana ya kutupa uchawi, si ajabu watoto wakiambiwa kwamba ndani ya nguzo hiyo yumo mtu. Yumo upepo tu. Ardhi tupu iliyopigwa na jua hupasha joto hewa iliyoigusa. Hewa hiyo hupanda kwa nguvu mahali pamoja, na hewa ya pembeni hukimbilia kujaza pengo. Ikiingia kwa mzunguko, mzunguko huo huongeza kasi kadiri unavyobanwa kuelekea katikati. Ndiyo maana kisulisuli haipatikani usiku wala siku ya mawingu.

Hofu iliyo na msingi ni ile ya vumbi lenyewe. Huwasha macho, na mtoto huyafikicha kwa mikono michafu. Uso uoshwe kwa maji safi kila siku, na kila mtoto awe na kitambaa chake, kwa maana ugonjwa wa macho huhama kwa vidole, nguo na nzi.

Mvua za Novemba zikianza, vumbi hutulia na joto hupungua kwa siku chache tu. Hapo watu husahau mashaka ya Oktoba na kuelekea mashambani. Lakini mvua hizo za kwanza ndizo zinazosomba uchafu wote uliolala juu ya ardhi kwa miezi 6 na kuutia visimani. Kwa hiyo desturi ya kuchemsha maji, kufunika mtungi na kuweka paketi ya ORS nyumbani haina budi kuendelea baada ya joto kuisha. Wakati huo ndipo inapohitajiwa zaidi.